Volkswagen ya baba: usiipake rangi kabla mkaguzi hajaiona

Swali limetoka kwa msomaji wa Kampemba, Lubumbashi: «Baba yangu alifanya kazi Union Minière, na mwaka 1966 alinunua Volkswagen Coccinelle (Beetle) 1300 mpya, ya buluu. Ameshafariki na gari limebaki kwangu. Halijawahi kufanyiwa ukarabati mkubwa. Mlango wa kushoto uligongwa ukapakwa rangi karibu mwaka 1998, umeme uligeuzwa kutoka volti 6 kwenda 12, na mita inasoma kilomita 43,000. Kuna mnunuzi wa Afrika Kusini anayetaka likaguliwe kwanza, ajue kama kweli bado ni la asili. Fundi wangu wa Katuba anasema tulipake rangi lote kabla mkaguzi hajafika, lipendeze. Mkaguzi huangalia nini, na mimi nifanye nini kabla hajaja?»

Ndugu yangu, mwambie fundi aweke chini pistole ya kupulizia rangi. Si kwamba hajui kazi. Yeye amezoea kulifanya gari lipendeze macho, na mkaguzi wa uasili hatafuti uzuri. Anatafuta ushahidi kwamba bati, rangi, vioo, siti na bolti anazoziona ndizo zilizotoka kiwandani. Na pale zilipobadilishwa, anataka kujua ni lini, kwa sababu gani, na kilichowekwa ni kitu gani. Rangi mpya inafuta ushahidi huo kwa mchana mmoja. Gari lililofifia unaweza kulipaka wakati wowote, hata miaka ishirini ijayo ukitaka, lakini lililokwisha kupakwa halirudi nyuma.

Na usidhani ni mambo ya mnunuzi mmoja tu. FIVA, shirikisho la kimataifa la magari ya zamani lililoanzishwa 1966, mwaka uleule wa gari lako, lina kanuni zinazotambua gari la kihistoria kuwa lenye umri wa miaka 30 au zaidi, lililotunzwa katika hali iliyo sahihi kihistoria, na lisilotumika kama usafiri wa kila siku. Kisha hali yake huwekwa katika moja ya makundi manne: la asili kabisa, la halisi lililotumika na kutunzwa, lililokarabatiwa, na lililojengwa upya. Mwaka 2012 shirikisho hilo lilipitisha Hati ya Turin, ambayo inatanguliza kuhifadhi kuliko kukarabati. Marekani nako klabu kubwa ya AACA, iliyoanza 1935, ina daraja lake kwa magari yaliyobaki na sehemu zake za asili. Wapenzi wa magari ya Corvette, kwenye maonyesho yao ya Bloomington Gold, wana tuzo ya magari ambayo zaidi ya nusu yake haijakarabatiwa, na gari lazima liendeshwe barabarani kwanza ndipo liangaliwe. Mnunuzi wako anakuja na mawazo hayo kichwani. Ukimwonyesha buluu inayong'aa kama sahani, umelishusha gari lako kundi kwa gharama yako mwenyewe.

Anza na namba, kwa sababu mkaguzi ataanza hapo. Nyanyua siti ya nyuma. Katikati ya sakafu, juu ya ule mgongo wa shasi unaopita kutoka mbele hadi nyuma, utakuta namba imegongwa kwenye chuma. Kwa Coccinelle zilizotengenezwa kuanzia Agosti 1964, tarakimu mbili za kwanza ni aina ya gari, yaani 11, na ya tatu ni mwaka wa modeli. Yako natarajia ianze na 116. Mwaka wa modeli wa Volkswagen ulikuwa unaanza Agosti, kwa hiyo 116 ni gari lililotoka kiwandani kati ya Agosti 1965 na Julai 1966. Ikianza na 117, bado inaweza kuwa ilinunuliwa 1966, ila itakuwa ya modeli iliyofuata na vitu kadhaa vitakavyotajwa hapa chini vitabadilika. Namba hiyohiyo iko kwenye kibao kidogo mbele, nyuma ya tairi la akiba. Linganisha zote mbili na carte rose, yaani kadi ya usajili wa gari, tarakimu kwa tarakimu. Karani aliyegeuza 1 kuwa 7 miaka arobaini iliyopita anaweza kukusumbua mpakani Kasumbalesa kuliko kutu yoyote.

Usisugue namba hiyo kwa msasa. Brashi laini na mafuta ya taa kidogo vinatosha kuondoa uchafu. Ukitaka picha nzuri, weka tochi chini kabisa pembeni, mwanga ulale juu ya chuma; kila tarakimu itatoa kivuli chake na isomeke hata kama imejaa rangi.

Ukishapata namba, waandikie Wolfsburg, Ujerumani, kwenye Stiftung AutoMuseum Volkswagen. Kwa malipo, wanatoa cheti kinachotokana na kumbukumbu za kiwanda: siku gari lilipotengenezwa, rangi yake ya kwanza, aina ya siti, vifaa vya ziada na lilikopelekwa. Bila karatasi hiyo, wewe na mkaguzi mtakuwa mnabishana kwa kukisia. Kwa mwaka huo kulikuwa na buluu zaidi ya moja: L360, buluu nzito ya bahari, na L519, nyepesi zaidi, waliyoiita Bahama. Cheti kikisema L360 na gari lako ni buluu nzito mpaka chini ya siti, umeshapata nusu ya hoja yako. Kikisema L87, ile nyeupe ya lulu, basi buluu yote ni hadithi nyingine, na ni afadhali uisikie wewe kwanza kabla ya mnunuzi.

Sasa rangi yenyewe, maana ndiyo itakayochukua muda mrefu zaidi.

Mkaguzi atakuja na kipima unene wa rangi, kifaa kidogo kinachowekwa juu ya bati na kutoa namba kwa mikroni, yaani sehemu za elfu za milimita. Rangi ya kiwandani kwa kawaida husoma kati ya 80 na 150 hivi. Bati lililopakwa juu ya rangi ya zamani huvuka 200 kwa urahisi, na penye mastiki, ule udongo wa kujazia mabonde ya bati, utaona 500, 1,000 au zaidi. Kama huna kifaa, sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa chembamba itakuonyesha penye mastiki: itashika vizuri kwenye bati, halafu ghafla itateleza. Lakini usikiamini kifaa hicho peke yake, na mkaguzi mzuri hakiamini pia. Mlango uliokwanguliwa hadi chuma kisha ukapakwa na mtu makini unaweza kusoma 120 na kuonekana msafi kabisa. Ndiyo maana macho yanakwenda mahali ambapo mtu wa kupaka rangi hafiki.

Mahali hapo ni pengi kwenye Coccinelle. Madigadi zake zote nne zimefungwa kwa bolti, na kati ya digadi na bodi kuna utepe wa plastiki. Mtu anayepaka rangi bila kufungua huacha ukungu wa rangi juu ya utepe huo na kwenye raba za vioo. Pitisha ukucha kwenye ukingo wa raba, utausikia. Angalia pia nyuma ya tairi la akiba, ndani ya kisanduku cha dashibodi, chini ya siti ya nyuma penye betri, na nyuma ya ubao wa mlango. Rangi ya sehemu hizo haijaona jua la Katanga, kwa hiyo itakuwa nzito kuliko ya juu ya paa. Tofauti hiyo ndiyo inayotakiwa! Paa likiwa na buluu ileile sawasawa na ya chini ya siti baada ya miaka sitini, mkaguzi ataanza kuuliza maswali.

Huo mlango wa kushoto usiuguse. Najua unakuchoma macho, na najua fundi ameshakuambia kwamba ni kazi ya siku mbili. Ukiuacha ulivyo, mkaguzi atafungua, ataangalia ukingo wa ndani na nyuma ya ubao, atakuta buluu ya kiwandani chini ya rangi ya 1998, na ataandika: mlango wa asili, umepakwa upya upande wa nje. Hilo ni doa dogo. Ukiukwangua na kuupaka tena, ushahidi kwamba mlango ni wa gari hilo unapotea pamoja na vumbi la msasa. Cha kufanya ni kuutaja mwenyewe kabla hajauona. Mficha uchi hazai, na kwenye ukaguzi wa magari methali hiyo inafanya kazi neno kwa neno: ukimwonyesha mkaguzi kasoro tatu, ataamini zaidi yale mengine unayosema ni ya asili. Akizigundua mwenyewe, kila kitu kitakuwa na shaka mpaka mwisho wa siku.

Kuhusu kung'arisha: rangi ya miaka ile haina tabaka la vanishi juu yake. Ukiisugua kwa polishi ya mchanga, kitambaa kitageuka buluu, na hiyo buluu ni gari lako linaondoka. Kwenye kingo za boneti na juu ya madigadi huwa limebaki tabaka jembamba sana. Maji, sabuni laini, kitambaa safi, na nta isiyo na mchanga wala rangi. Basi.

Umeme ndio jambo la pili zito. Coccinelle yako ilitoka na volti 6, na hilo la kugeuza kwenda 12 limefanyika kwa karibu kila moja iliyobaki ikitembea huku kwetu, kwa sababu betri na balbu za volti 6 ziliadimika. Miaka ya 1990, hasa baada ya uporaji wa 1991, mtu alifunga alichopata. Mkaguzi anayejua Afrika hatakushangaa. Atakachotaka kujua ni kwamba kazi ilifanywa kwa kiasi gani na kama inaweza kurudishwa. Fungua kifuniko cha injini uangalie dinamo. Kwenye modeli ya 1966, regulata ya Bosch, kile kidhibiti cha umeme wa dinamo, ilikaa juu ya dinamo yenyewe. Modeli iliyofuata ikahamishiwa chini ya siti ya nyuma. Ukikuta regulata imefungwa ukutani kwa skrubu za mbao na waya nyekundu zinaning'inia, huo ni mkono wa garaji. Hesabu matundu mapya yaliyotobolewa kwenye bati, kwa sababu hayo ndiyo yanayohesabiwa kama uharibifu. Dinamo huondolewa, tundu halizibiki.

Halafu tafuta vitu vya zamani. Baba yako, kama wazee wengi waliofanya kazi mgodini, pengine hakutupa kitu. Dinamo ya kwanza, koili, mota ya waipa, balbu, hata swichi iliyovunjika: sanduku la mafuta la chini ya meza stoo linaweza kuwa na thamani kuliko mlango mpya. Ukizipata, usizifunge. Ziweke mezani siku ya ukaguzi zikiwa na kutu yake. Usipozipata, usinunue dinamo ya volti 6 kwenye mtandao ili kudanganya. Vipuri vya baadaye hujisema vyenyewe, vingi vina maandishi kama «Indústria Brasileira» au «Hecho en México», nchi ambazo Coccinelle iliendelea kutengenezwa, Mexico hadi 2003. Na wakati uko hapo chini ya siti, hakikisha betri ina kifuniko. Springi za siti zikigusa vichwa vya betri mtu mzito anapokaa, moto huanzia hapo, na Coccinelle ngapi zimeungua hivyo!

Vitu vingine vya modeli ya 1966 vinapita haraka kwa mtu anayevijua, na wewe unaweza kuvikagua kabla ya chai. Taa za mbele zimelala ndani ya kioo kilichoinama pamoja na digadi. Zikiwa zimesimama wima, digadi hizo ni za Agosti 1967 au baadaye, maana yake gari liligongwa mbele. Rimu zina matundu marefu kuzunguka na vifuniko vyake ni bapa. Vya kabla ya hapo vilikuwa vya mviringo kama bakuli. Katikati ya dashibodi juu kuna tundu la tatu la hewa ya kioo. Nyuma pana herufi 1300. Vioo vina alama ndogo ya Sekurit pembeni. Kimoja kikiwa na alama ya Shatterprufe, kilitoka Afrika Kusini, na hilo halina aibu kwa gari la Lubumbashi ambalo mawe ya barabara ya Kipushi yamelipiga tangu ujana wake. Vichwa vya bolti nyingi vina neno KAMAX. Bolti mpya inayong'aa katikati ya safu ya KAMAX zilizofifia inamwambia mkaguzi kwamba hapo palifunguliwa.

Injini: namba yake imegongwa kwenye kizimba cha injini, chini kidogo ya kiti cha dinamo. Injini ya 1300 ya mwaka huo, nguvu farasi 40, ina herufi F mwanzoni. Ikianza na D ni ya 1200. Ikianza na AB ni 1300 ya Agosti 1970 na kuendelea, na hata bila kusoma namba utaijua, kwa sababu vichwa vyake vya silinda vina njia mbili za kuingizia hewa kila upande, na ya kwako inapaswa kuwa na moja. Injini ya AB haiharibu gari lote, ila inalitoa kwenye kundi la juu moja kwa moja.

Usukani nauliza kwa sababu ya jirani zetu. Sisi tunaendesha upande wa kulia wa barabara, Zambia na Afrika Kusini kushoto, na Coccinelle nyingi ziliunganishwa Uitenhage, Afrika Kusini, kuanzia 1951 hadi 1979. Baadhi zilipanda kaskazini na kugeuzwa usukani. Dashibodi ya gari hili ni bati lililochomelewa kwenye bodi, kwa hiyo anayehamisha usukani lazima akate. Ingiza mkono nyuma ya spidomita, pitisha vidole juu ya bati. Likiwa laini upande mmoja hadi mwingine, tulia. Kwa gari ambalo baba yako alinunua jipya hapahapa, sitarajii tatizo, lakini mnunuzi atauliza.

Kuhusu kilomita 43,000, usiiseme tena kwa mtu yeyote. Mita ya gari hilo ina tarakimu tano. Ikifika 99,999 inarudi sifuri, na gari lililofanya safari za Likasi na Kolwezi kwa miaka thelathini linaweza kuwa limezunguka mara mbili. Mkaguzi ataangalia raba ya pedali ya klachi, ukingo wa siti ya dereva, mpini wa mlango wa kushoto, na ulegevu wa usukani, kisha ataamua mwenyewe. Mwambie mita inasoma hivyo na kwamba hujui imezunguka mara ngapi. Siti nazo: kama zina vifuniko vya kitenge, vifungue polepole. Mara nyingi chini yake plastiki ya kiwandani imelala salama kama siku ya kwanza, na mama aliyeshona vile vifuniko amekuokolea zaidi kuliko fundi yeyote.

Makaratasi wengi huyapuuza, nami naona ndiyo yanayotenganisha gari la halisi na gari la bahati. Kila risiti ya baba yako inajitaja umri wake kwa fedha na majina yaliyo juu yake. Ankara iliyoandikwa Élisabethville haitegemewi kuwa ya miaka mingi baada ya 1966, mwaka jiji lilipobadilishwa jina. Malipo kwa zaïre yanaanza 1967, kwa zaïre mpya 1993, kwa faranga za Kongo 1998. Barua yenye jina la mkoa wa Shaba ni ya kati ya 1971 na 1997. Sasa chukua ile risiti ya mlango, kama ipo: unasema ni karibu 1998, ikiwa imelipwa kwa zaïre mpya, basi huenda kazi ilifanyika kabla ya katikati ya mwaka huo au miaka michache nyuma, na utarekebisha maelezo yako kabla mkaguzi hajakurekebisha yeye. Picha za familia pia. Picha moja ya harusi ya Kamalondo ambapo gari limeegeshwa nyuma ya bibi harusi, taa zimelala na namba inasomeka, ina uzito kuliko kiapo.

Andika pia historia yenyewe, ukurasa mmoja au miwili: nani aliendesha, liliegeshwa wapi, lilisimama miaka gani, nani alilitengeneza. Usipambe. Penye shimo la kumbukumbu acha shimo.

Vumbi letu jekundu lina pande mbili. Wako watakaokuambia usiliguse hata chembe, eti ni sehemu ya historia. Mimi sikubali. Vumbi hilo likijaa kwenye vizingiti vya chini ya milango, mle mirija ya joto inamopita, linashika maji ya masika na bati linaoza kutoka ndani bila wewe kuona. Livute kwa mashine ya hewa, kausha, pulizia nta isiyo na rangi ndani ya mashimo. Kwenye kutu iliyopo simamisha isiendelee, usikate bati. Usipeleke gari kwa vijana wa kuosha kwa maji ya presha, hasa chumba cha injini, kwa sababu alama za rangi na vibandiko vya kiwandani huondoka kwa sekunde. Hali ya hewa ya Lubumbashi ilikupendelea: hakuna chumvi ya bahari, na nusu ya mwaka ni kavu kabisa. Mkaguzi aje kabla ya mvua za Novemba, alale chini ya gari pakavu.

Nani akague? Kwanza fanya kwa picha. Picha za kutosha, mchana, kivulini, pamoja na zile za siri: chini ya siti, nyuma ya ubao wa mlango, sakafu kutoka chini, namba zote mbili, injini kutoka juu na pembeni. Mtu anayejua atakuambia kwa picha hizo kama safari ya kuja inalipa. Kwa kuwa mnunuzi yuko Afrika Kusini, mwakilishi wa FIVA huko ni SAVVA, chama cha magari ya zamani, na ndiko yeye atakakoombea kitambulisho cha gari akishanunua. Hapo kuna jambo ambalo madalali hawalisemi: kitambulisho cha FIVA hudumu miaka 10 kwa kiwango cha juu, na gari likibadilisha mwenyewe kinakoma. Kwa hiyo usilipe pesa nyingi kupata kadi kwa jina lako halafu uuze mwezi unaofuata. Unachohitaji ni ripoti ya ukaguzi yenye picha, pamoja na cheti cha Wolfsburg. Na mtu akikuletea «certificat d'originalité», yaani cheti cha uasili, yenye mihuri mitatu bila kulala chini ya gari, mrudishie.

Mkaguzi akilipwa na mnunuzi, anamtumikia mnunuzi. Si wizi, ndivyo ilivyo. Omba angalau nakala kamili ya ripoti iwe yako hata kama biashara haikufanyika, na mkubaliane hilo kwa maandishi kabla hajafungua boneti.

Matarajio yako yawe haya: kwa mlango uliopakwa na umeme uliogeuzwa, hutapata kundi la kwanza. Hata usiliombe. Kama namba zinakubaliana, injini ni F, na buluu ya kiwandani imebaki juu ya sehemu kubwa ya bati, gari lako linasimama vizuri kwenye kundi la pili, lile la halisi lililotumika na kutunzwa, na kwa gari lililoishi Lubumbashi miaka yote hiyo, mimi naliheshimu kundi hilo kuliko la kwanza. Gari la kundi la kwanza mara nyingi ni gari ambalo hakuna aliyelihitaji.

Fundi wako wa Katuba hatakosa kazi. Gari litaendeshwa mbele ya mkaguzi, na modeli yako ina breki za ngoma kwenye magurudumu yote manne, na saketi moja tu: mpira mmoja ukivuja, pedali inazama na hakuna cha akiba. Afungue silinda kuu na zile ndogo za kwenye magurudumu, abadilishe raba zake za ndani na mipira ya mabomba ya breki, abadilishe pia mirija ya petroli iliyokauka. Vitu hivyo huchakaa, na hakuna mkaguzi anayekuhesabia kosa kwa kuvibadilisha. Anachotoa asitupe: akiweke kwenye sanduku moja na dinamo, na aandike tarehe.